Mchezo wa skuli huanza na ubeti mmoja

Mwalimu mwenzangu unayeandika, nadhani hili unalijua: daftari lako la mashairi hukaa chini ya rundo la madaftari ya kusahihisha. Mimi nasomesha Kiswahili hapa Wete, Pemba, na kwa miaka nilikuwa nikingoja likizo niandike. Likizo ikija, kuna karafuu, kuna harusi, kuna mgonjwa wa kumtazama. Siku hizi naandika darasani pamoja na watoto. Kwa wiki nne hivi tunapata mchezo wa kuigiza wa robo saa.

Anza na ugomvi. Ukiwaambia "andikeni mchezo", watakuletea mzazi mlevi na hotuba ya mwisho ya sheha, kwa kuwa ndiyo michezo waliyoiona ikichezwa mbele ya wageni rasmi. Waulize: jana nyumbani kwenu, nani kamnunia nani, na kwa jambo gani? Wape dakika tano. Majina wabadilishe, na kazi wabadilishe pia. Mwaka mmoja nilibadilisha jina tu, nikamwacha mtu na baiskeli yake na kikohozi chake. Mwenyewe alikuwa kakaa safu ya pili. Pemba ni ndogo.

Ugomvi ukipatikana, uingize kwenye mizani, ile hesabu ya silabi za shairi, kabla ya kuufanya mazungumzo. Msimu mmoja kijana wa kidato cha pili aliniletea huu:

Karafuu tayari zimejaa, shambani hatuna wachumaji

Tukahesabu kwa vidole vinane, gumba mbili tumezikunja. Kipande cha kwanza kina mizani kumi na moja, cha pili kumi. Tunataka nane kwa nane. "Tayari" ikatoka mara moja, maana karafuu ikishajaa si tayari hiyo? Upande wa pili ndio uliotutoa jasho. Wachumaji wakawa mchumi, shambani ikawa shamba:

Karafuu zimejaa, shamba halina mchumi

Msichana mmoja akauliza kama mchumi si yule msomi wa mambo ya fedha. Nikamwambia mshairi ana ruhusa ya kukata neno, ila asikate mpaka likageuka uchi. Hapo hapo wafundishe kusikia: "mchumi" ni mizani tatu, m-chu-mi, lakini "mbuzi" ni mbili, mbu-zi. Usiwaandikie ubaoni kwanza. Wapige makofi, sikio litawaonyesha.

Kisha mpe mtoto mwingine amjibu mwenye shamba, kwa vina vile vile. Huyu alikaa kimya kipindi kizima, kengele inalia ndiyo akasema:

Mguu umekataa, mtini sipandi mimi

Basi mchezo umeshaanza. Kuna mwenye mali anayeogopa, maana karafuu huchumwa ingali tumba, ua likifunguka bei imekwenda. Kuna mchumaji mwenye mguu mbovu, au mwenye kisingizio cha mguu. Ni kipi? Darasa likagawanyika, na mimi sikuwaamulia. Huku kujibizana kwa vina hatukukuzua sisi. Kisiwa hiki ndicho kilichowalea washairi wa kale Kamange na Sarahani, na sifa yao moja kubwa ni hiyo ya kurushiana mashairi.

Hapa kuna kosa nililolifanya mara mbili, kwa hiyo nalisema kwa kirefu. Usiutie mchezo mzima kwenye vina. Wa kwanza wangu ulikuwa beti tupu, kila mhusika anasema ubeti mzima mwenzake kasimama kama mlingoti. Watazamaji walikuwa na adabu, lakini bibi mmoja aliinuka akaenda kuchota maji, na hakurudi. Sasa wahusika wangu husema maneno ya kawaida, ya jikoni na barazani, wakikatizana. Ushairi nauweka pale mtu anapofumba, au hasira inapompanda hata maneno ya kawaida hayamtoshi. Mchumaji wetu alisema maneno ya kawaida mpaka alipoambiwa mvivu. Ndipo akatoa mshororo wake, polepole, akimtazama mwenye shamba usoni. Uwanja ukanyamaza.

Vifaa si shida. Mkeka, pakacha, pishi ya kuazima, na kanga mbili kwenye kamba ndizo pazia. Ila chagua kanga kwa jina lake, maana kina mama wa mbele watalisoma kabla mtoto hajafungua mdomo.

Mazoezi yafanyie chini ya mwembe, bila ya kipaza sauti. Mimi hukaa ng'ambo ya uwanja. Neno lisilonifikia nalikata, hata likiwa langu, na yangu ndiyo hukatwa zaidi.

Hayo yaliyokatwa usiyatupe. Mimi huyaandika kurasa za nyuma za kitabu cha maandalio, na humo ndimo yalimotoka mashairi yangu mengi ya miaka hii. Ubeti ule wa karafuu wenyewe hatujaumaliza, tulicheza na mishororo miwili tu. Juzi yule kijana, sasa yuko kidato cha nne, kaniletea wa tatu kwenye kipande cha karatasi kilichofungiwa vitumbua. Utao, kile kipande cha pili, una mizani tisa. Nimemrudishia.