Umeacha sindano ya miezi mitatu na siku zako hazieleweki? Soma kabla hujameza homoni yoyote

Kabla ya yote katafute kadi yako ya uzazi wa mpango, ile ya karatasi ngumu ambayo wengi wetu tunaifungia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Usiniulize vidonge kwanza, kadi kwanza. Andika pembeni tarehe mbili, tarehe uliyochomwa sindano ya mwisho na tarehe ambayo ulitakiwa urudi kuchomwa nyingine ukawa hujarudi. Hizo tarehe mbili ndo zitakazoamua kama wewe ni mgonjwa au bado uko ndani ya muda.

Mi sio nesi wala daktari, ni fundi cherehani hapa Morogoro, ila hii njia nimeipita yote na hela imenitoka kwaiyo naandika nilichofundishwa na waliosoma na nilichokosea mwenyewe. Sindano yangu ya mwisho ilikua Novemba, ikaisha kazi Februari, na kufika mwezi wa nane nilishaanza kulia usiku kwamba mwaka mzima sijaona siku zangu na kizazi kimekufa. Mwaka mzima wapi! Nilipokuja kukutana na daktari wa wanawake kwenye hospitali ya rufaa akahesabu kwa vidole mbele yangu, Novemba mpaka Agosti miezi tisa, na tatu za kwanza sindano ilikua bado inafanya kazi niliyoilipia... nikaona aibu.

Sa elewa inavyofanya kazi. Depo-Provera ni miligramu 150 za medroksiprojesteroni (homoni ya kutengenezwa), inachomwa kwenye msuli inakaa pale kama stoo, inayeyuka kidogo kidogo. Ile ndogo ya kuchoma chini ya ngozi, Sayana Press, ni miligramu 104 za dawa ileile. Kazi yake inauambia ubongo usitume ile amri ya yai kupevuka na inafanya utando wa ndani wa kizazi uwe mwembamba, ndo maana wengine hawaoni damu kabisa, na ni kawaida, ukifika mwaka mmoja wa kuchoma zaidi ya nusu ya wanawake wanakua hawabliidi. Damu haijajikusanya popote. Hakuna "uchafu" umeganda tumboni unasubiri kusafishwa.

Na hapa ndo tofauti na kijiti au kitanzi, hivyo ukichoka unaenda wanatoa biashara imeisha. Sindano ikishaingia hakuna wa kuitoa, hamna dripu, hamna mizizi, hamna kidonge cha kuifukuza. Inaisha yenyewe. Kwa walioacha wakitaka mimba, takwimu za mtengenezaji mwenyewe zinasema katikati ni kama miezi 10 kuhesabu toka sindano ya mwisho, yaani nusu wanakua wameshapata na nusu bado, ikifika miezi 12 ni asilimia 68, miezi 15 asilimia 83, miezi 18 asilimia 93. Na ulitumia mwaka mmoja au miaka mitano haibadilishi hesabu, hilo lilinishangaza maana mtaani tunaambiana ukitumia sana ndo inachelewa sana.

Mwezi huo wa nane mi sikuyajua hayo. Nikaenda sehemu moja nimeelekezwa na shoga yangu, wakanipima kwa mashine ya kushika kiganjani inatoa majibu ya mwili mzima kwa dakika moja (ukiona hiyo mashine we chukua kipochi chako uondoke), wakaniambia homoni zimevurugika na mirija imeziba, nikauziwa paketi ya kusafisha kizazi elfu themanini. Nimeharisha siku nne. Hedhi sikuiona.

Haya, tuingie kwenye matibabu yenyewe. Cha kwanza jiulize unataka nini, maana homoni ni zilezile ila anaetaka damu ikate, anaetaka damu ije na anaetaka mtoto ni watu watatu tofauti na dawa ya mmoja inamharibia mwenzie. Na yoyote kati ya hao watatu aanze na kipimo cha mimba. Usiseme "sijaona siku zangu siwezi kuwa na mimba", yai la kwanza linatoka KABLA ya damu ya kwanza kwaiyo unaweza kushika mimba bila kuona hedhi hata moja toka uache. Nyumba ya tatu kutoka kwangu mama alikua anakunywa vidonge vya "kurudisha siku" kumbe ana wiki kumi na moja.

Kama shida yako ni matone matone yasiyokata na bado sindano iko mwilini, mara nyingi wanaanza na dawa zisizo homoni kabisa, mfano mefenamiki (dawa ya maumivu) miligramu 500 mara mbili kwa siku baada ya kula kwa siku tano. Ikigoma wanakupa vidonge vya majira vyenye estrojeni (homoni ya kike inayokuza utando wa kizazi), kimoja kila siku kwa siku 21, vinautuliza ule utando uliokondeana unaovuja vuja. Vinasaidia kweli, ila sio vya kila mtu: ukiwa na presha, kipandauso kile kinachoanza na vimulimuli machoni, umewahi kuganda damu mguuni, una historia ya kansa ya titi, unavuta sigara na umepita 35, au unanyonyesha mtoto mchanga, sema kabla hujaandikiwa. Na sema dawa zako zote, rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa na za ARV zinapunguza nguvu ya hivyo vidonge. Ukishaanza kumeza alafu mguu mmoja ukavimba na kuuma, au kifua kikabana ghafla, hapo ni hospitali, sio kuuliza majirani.

Damu ikiendelea miezi baada ya sindano kuisha usikubali kila mtu aisingizie sindano. Omba waangalie fibroidi (uvimbe wa kwenye kizazi), maambukizi, na mlango wa kizazi, kile kipimo cha kupaka siki ni cha dakika chache tu. Na ikiwa unaloanisha pedi nzima ndani ya saa moja, saa mbili mfululizo, acha kusoma hapa nenda.

Sasa wenzangu wa damu haiji. Ukiwa bado hujafika mwaka toka sindano ya mwisho na huna dalili nyingine, ushauri wa daktari wangu ulikua subiri, kula, rudi. Nilichukia ila alikua sahihi. Ukivuka mwaka na kitu, au kama maziwa yanatoka na hunyonyeshi, kichwa kinauma na macho hayaoni vizuri pembeni, unahisi joto la kupanda usoni na we bado kijana, usisubiri, omba vipimo. Vyangu vilikua prolaktini (homoni ya maziwa), homoni ya tezi ya shingo, FSH na LH (homoni ambazo ubongo unazituma kuamrisha mayai), na utrasaundi. Nenda asubuhi umepumzika maana prolaktini inapanda hata kwa presha ya kugombania daladala, na kuna dawa za kutapika na za akili zinaipandisha pia kwaiyo zitaje. FSH ikija juu usizimie, inarudiwa baada ya wiki kadhaa kabla mtu hajakwambia neno lolote kuhusu mayai yako.

Vyote vikiwa sawa wanaweza kukupa kidonge cha majaribio. Na hapa ndo kichekesho, kidonge nilichopewa ni medroksiprojesteroni, ILEILE ya kwenye sindano, miligramu 10 kila siku kwa siku kumi. Nikamuuliza daktari unanirudisha tena kule? Akasema ya kidonge inatoka mwilini ndani ya siku chache, na tunachotaka sio kumeza, ni kuacha. Ukiacha, kama mwili wako ulikua unatengeneza estrojeni yake na njia iko wazi, ndani ya wiki hivi utando unadondoka unaona damu. Isipokuja inamaanisha estrojeni iko chini au kuna kitu kingine, wanaendelea kutafuta.

Mi ilikuja siku ya nne, niko kwenye cherehani nashona sare, nikapiga vigelegele mpaka mteja akashtuka. Nikamwambia Baba Nasra tumepona. Mwezi uliofata hamna kitu. Uliofata hamna.

Kwaiyo shika hili ushike kweli: damu ya kidonge sio yai. Ile damu nimeiita kwa dawa ikaja, haikusema chochote kuhusu yai kupevuka. Na ndo ujanja wa wanaouza vidonge mtaani, wanakupa norethisteroni (homoni nyingine ya kuleta damu ukiiacha) au vidonge vya majira "kupanga hedhi", damu inakuja kwa tarehe kama mshahara, unafurahi, unarudi kununua. Na vya majira ndo vibaya zaidi kwa anaetafuta mtoto maana kazi yake ni kuzuia yai, yaani umetoka kwenye sindano ukaingia kwenye kidonge kinachofanya kazi ileile na unashangaa mimba haiji! Nimekutana na dada mmoja kwenye benchi la kusubiri amefanya hivyo miezi minane.

Swali lililonifungua macho halikua hata la sindano. Daktari aliniuliza, kabla hujaanza kuchoma siku zako zilikuaje? Nikakaa kimya. Kwasababu toka msichana zilikua zinaruka, mwezi huu zipo, miezi miwili hazipo, Nasra mwenyewe nilimpata baada ya kuhangaika, alafu nikachoma sindano miaka mitatu nikasahau. Utrasaundi ikaonyesha vifuko vidogo vidogo vingi kwenye ovari. Kumbe sindano ilifunika tu, ilipoisha tatizo langu la zamani likarudi mlangoni na mi nikaisingizia sindano. Sio kila mtu yuko hivi, ila jiulize hilo swali mapema kuliko mimi.

Kwa anaetaka mtoto, hatua inayofata sio homoni kwako bado, ni mume apimwe mbegu. Najua. Baba Nasra alinuna wiki nzima, "mi nina mtoto tayari". Nikamwambia bei ya dawa nitakazomeza bure kama tatizo ni lako, akanyamaza. Masharti: akae bila kutoa mbegu siku mbili mpaka saba kabla ya kipimo, na sampuli akiitoa nyumbani ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Alipanda bodaboda na kichupa kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, mkono mmoja kifuani kama mwenye kiungulia. Majibu mazuri.

Hapo ndo zinakuja dawa za kupevusha mayai, klomifeni au letrozoli, vidonge vya siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Letrozoli ilitengenezwa kwa ajili ya kansa ya titi, usishtuke ukisoma karatasi ya ndani. Inashusha estrojeni kwa muda, ubongo unaona imepungua unasukuma FSH, yai linakua. Kwa wenye ovari kama zangu ndo wanayoanza nayo siku hizi. Zote mbili zinaweza kuleta mapacha, na mara chache zinavimbisha ovari, ndo maana nasisitiza usinunue dukani ukajipa mwenyewe, unatakiwa upigwe utrasaundi katikati ya mzunguko waone yai limefika saizi gani na utando umenenepa kiasi gani, haswa sisi tuliotoka kwenye sindano.

Alafu kuna kipimo cha projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, wanakiita cha siku ya 21 na hilo jina linapoteza watu. Kinatakiwa kifanyike siku saba kabla ya hedhi unayotarajia. Mzunguko ukiwa wa siku 28 ndo inaangukia 21. Wangu ulikua wa 40, nikapima siku ya 21, majibu yakaja chini nikalia bure, ilitakiwa siku ya 33. Hela ya kipimo hairudi.

Uzito ulioongezeka na hasira hasira usitafutie homoni, hamna dokta aliyeniandikia homoni kwa hivyo. Mifupa: toka 2004 paketi ya Depo kule Marekani ina onyo kwamba inapunguza uimara wa mifupa ukitumia muda mrefu, ila ukiacha sehemu kubwa inarudi.

Daftari nunua. Tarehe ya kila damu, nzito au matone, imekuja yenyewe au ya dawa (mi ya dawa naandika kwa bik nyekundu ili nisijidanganye tena), jina la kila kidonge na miligramu. Ukifika kwa daktari unampa daftari, hata kama ana wagonjwa hamsini nje ataelewa kwa dakika mbili.

Langu lina mistari mitatu tu ya bik ya bluu mpaka sasa. Niko mzunguko wa pili wa letrozoli. Jumanne saa mbili asubuhi naenda utrasaundi ya siku ya 12, nauli nimeshaiweka pembeni, sare za watu zitasubiri mpaka mchana.