Kuhariri Riwaya Huku Ukitunza Vitabu Adimu

Anayeshinda kutwa na vitabu adimu hurudi nyumbani amechoka palepale riwaya yake inapomhitaji: kwenye macho, na kwenye ule umakini wa kusoma neno kwa neno. Kuhesabu karatasi za kitabu cha karne ya 17, kukagua mishono, kuandika maelezo ya katalogi bila kukosea hata mkato, hayo hayamvunji mtu mgongo ila humaliza usomaji wote aliokuwa nao. Kwa hiyo uhariri wenyewe ufanye alfajiri, dakika 50 kabla ya kwenda kazini. Jioni bakiza kazi zisizotaka hukumu: kuingiza masahihisho kwenye kompyuta, kulinganisha tarehe, kuhakikisha mhusika aliyeitwa Zuhura sura ya 2 hajageuka Zubeda sura ya 19.

Piga hesabu mapema. Maneno 90,000 yakichapwa kwa nafasi mbili ni kurasa kama 360. Ukisahihisha kurasa 6 kila asubuhi, siku 5 kwa wiki, duru moja inakula wiki 12. Riwaya nyingi zinataka duru mbili za namna hiyo, na kabla yake duru ya muundo ambayo haipimwi kwa kurasa. Anayejipa miezi mitatu kwa yote atavunjika moyo mwezi wa pili, na kosa litakuwa la hesabu tu.

Kwa duru ya muundo, chukua ufundi wa kazini. Wachapaji wa zamani waliweka herufi chini ya ukurasa wa kwanza wa kila fungu la karatasi, A, B, C, ili mjalidi ayapange sawasawa. Leo ndizo zinazokuonyesha fungu lililopotea. Nawe chora jedwali, mstari mmoja kwa kila sura: nani yupo, ni siku gani, na kitu gani kimebadilika kati ya mwanzo na mwisho wa sura. Safu ya tatu ndiyo muhimu. Ikikushinda kuijaza, sura hiyo iunganishe na jirani yake au iondoe. Lakini usikimbilie kuziba kila pengo. Mgeni wa kazi hii akifika I kisha akakutana na K, hudhani fungu la J limeibwa, kumbe alfabeti ya mafungu ilikuwa na herufi 23: I na J zilihesabiwa moja, U na V moja, na W haikuwamo. Hata riwaya ina mapengo ya halali.

Tatizo kubwa liko kwingine, na wengi hawalioni. Kazini kila alama ni ushahidi: jina la mmiliki wa zamani, doa la maji, tundu la mdudu. Hufuti kitu, unakiandika. Mkono uliozoea hivyo ukifika kwenye mswada unashindwa kukata, na sentensi zinageuka orodha ya mali:

"Aliketi kwenye kiti cha mbao nyeusi, mguu wake wa nyuma wa kushoto ukiwa na ufa, akafungua barua iliyokunjwa mara tatu, yenye doa la wino pembeni na kona moja iliyochakaa."

Jiulize ni kitu gani hapo kinamgusa anayeisoma barua. Kiti hakimgusi, wala kona.

"Aliketi, akaikunjua barua. Doa la wino lilikuwa limeangukia jina lake."

Doa limebaki kwa sababu sasa lina kazi. Yaliyobaki usiyafute kabisa, maana roho itakataa. Fungua faili la vilivyokatwa, kila kipande na tarehe yake na namba ya sura. Ukijua kimehifadhiwa, kisu hakitetemeki.

Kalamu ya wino isikae kwenye begi unaloingia nalo chumba cha vitabu. Hariri kwa penseli hata nyumbani, uzoee kitu kimoja. Ukitumia mapumziko ya mchana kuhariri, hariri nje ya chumba hicho, na ukumbuke kwamba risasi ya penseli hushika ubavu wa kiganja, kisha hupaka pambizo za kitabu utakachofungua alasiri. Nawa, ukaushe vizuri. Glavu za pamba si dawa: zinaua hisia za vidole, na ukurasa mkavu huchanika kabla hujajua umeuvuta.

Mswada usikae kwenye kompyuta ya ofisi. Mikataba mingine ya ajira humpa mwajiri haki juu ya kilichoandikwa kwa vifaa vyake au kwa saa zake, kwa hiyo isome yako kwanza. Halafu kuna barua za watu. Maktaba inaweza kuimiliki karatasi, huku haki ya maneno yaliyomo ikiwa bado mikononi mwa mwandishi au warithi wake. Kunukuu aya nzima ndani ya riwaya yako ni kujitafutia kesi. Omba ruhusa, au tunga barua yako mwenyewe.

Zitakuja wiki za maonyesho au za kuhesabu mali, na zile dakika 50 zitakosekana. Teremka hadi 15: soma ukurasa mmoja kwa sauti, weka alama unapojikwaa, basi. Ukirudi, usianze tena sura ya kwanza. Hiyo ndiyo sababu miswada mingi ina sura tatu zinazong'aa na mwisho mbichi. Ili ujue pa kuanzia, kila asubuhi kabla ya kuinuka andika mstari mmoja juu ya karatasi, wenye ukurasa na kitendo: "Uk. 142: mtoe kaka wa pili, maneno yake apewe mama."