Somo: Kugeuza Hiace iwe nyumba, kwa hali ya Mombasa

Mafunzo mengi ya kazi hii hutoka nchi za baridi, na nusu yake ni kuziba kuta baridi isiingie. Sisi tunapigana na joto, unyevu na chumvi, kwa hivyo mpangilio ni mwingine.

Hatua ya 1: Kutu. Gari lililokuwa matatu ndilo rahisi kupata, lakini usilipe kabla hujanyanyua kapeti ya mpira. Chini yake utakuta mchanga, maganda ya njugu, na kwenye matundu ya boliti za viti bati linamenyuka kama ganda la kitunguu. Toa viti, saga mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Upepo wa bahari haungoji kesho. Ziba kila tundu. Kuosha chini ya gari, tumia maji ya mfereji. Visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi, utakuwa unailisha kutu.

Hatua ya 2: Paa. Lipake nyeupe. Paneli ya sola ya wati 200 iinuliwe sentimita 5 hivi juu ya bati: hewa itapita, paneli haitapoteza nguvu nyingi kwa joto, na paa litapata kivuli. Feni ya kutoa hewa ikae juu, nyuma; dirisha lenye wavu wa mbu liwe chini, mbele.

Hatua ya 3: Umeme. Wati 200 kwa jua kali la muda wa saa 5 ni wati-saa 1,000 za karatasini. Wewe hesabu 700. Friji ndogo ya volti 12 yaweza kula 500 kwa siku, feni ya wati 20 usiku kucha 160. Ushaona, karibu hakuna masazo. Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na betri.

Hatua ya 4: Kitanda. Weka chaga, usiweke ubao mzima, la sivyo godoro litaota kuvu. Makabati ni ladha yako.

Maswali ya wanachama

– Ahsante kwa darsa, mwalimu. AC je?
– Kwa paneli moja? Sahau, ndugu yangu.

– Betri ya kawaida ya gari haifai?
– Hiyo ni ya kupigia stata. Ukiikausha kila usiku, itakufa mapema.

– Mtungi wa gesi niuweke wapi, kaka?
– Dada, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni. Kabati la mtungi lisivujie chumbani, na liwe na tundu chini linalotoka nje ya gari.

– Usiku nielekeze mlango wapi?
– Upepo unakotoka. Wakati wa kaskazi, kaskazini-mashariki. Wakati wa kusi, kusini. Ila masika mvua itakufuata mpaka kitandani, basi geuza gari.

– Na logbuku inasema abiria 14!
– Nenda NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, kabla ya kupigilia ubao wa kwanza, na umwambie wa bima kuwa gari halibebi tena abiria.