Kabla ya kupanda jukwaani na gitaa lako peke yako

Aliyezoea kupiga kwenye bendi huujua wimbo kwa upande wake tu. Anajua aingie wapi, anyamaze wapi, na besi itampokea wapi. Akiamua kusimama na gitaa kavu, lile la mbao lisilo la umeme, bila wenzake, anagundua kwamba mambo mengi aliyodhani ni ya wimbo wenyewe yalikuwa yanafanywa na watu. Kwa hiyo kabla hujanunua kifaa chochote, chukua rekodi ya mazoezi ya bendi yenu uisikilize mara kadhaa, kila mara ukifuata chombo kimoja kisichokuwa chako. Nani anawaandaa watu kwa kiitikio? Mara nyingi ni mpiga dramu. Nani anajaza ule upenyo mwimbaji anapovuta pumzi? Nani anaonyesha kwamba kordi imebadilika? Andika majibu. Kisha kwa kila jibu amua: nitalibeba mwenyewe, au nitaliacha.

La besi ndilo zito kuliko yote. Uzi mnene wa gitaa, ule wa sita, hutetema kama mara 82 kwa sekunde. Wa besi hutetema mara 41, yaani oktevu nzima chini. Uzito ule huwezi kuupata, lakini mwendo wake unaweza, na kazi hiyo ni ya kidole gumba. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, na bado msikilizaji anasikia besi chini na sauti nyembamba ikicheza juu kwa pamoja. Anza na gumba peke yake kwenye kordi mbili, wiki nzima ikibidi, mpaka uweze kuzungumza na mtu huku gumba linaendelea bila kuyumba. Hapo ndipo uongeze vidole vingine, na mwisho kabisa sauti yako. Wengi huanza na kuimba, halafu wanashangaa mkono unafuata maneno badala ya mapigo.

Na si lazima upige muda wote. Kwenye bendi ukinyamaza, wimbo unaendelea. Ukiwa peke yako ukinyamaza, kila mtu anasikia. Hilo huwatisha wengi hadi wakakwaruza nyuzi mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa nguvu ileile. Mimi naona hilo ndilo kosa linalochosha wasikilizaji kuliko kosa la kordi. Acha ubeti mmoja ubaki na gumba na sauti tu. Kiitikio kikirudi na nyuzi zote sita, kitasikika kikubwa hata bila dramu.

Chagua nyimbo upya. Uimbe kila wimbo bila chombo chochote, ukiwa umeketi tu chumbani. Wimbo ukisimama kwa maneno na sauti yake, utasimama na gitaa pia. Ukionekana kupwaya, huenda uhai wake ulikuwa kwenye dramu au tarumbeta. Uache kwa bendi, hata kama unaupenda. Angalia pia ufunguo, yaani wimbo umewekwa juu au chini kiasi gani. Bendi huenda iliuchagua kwa ajili ya mwimbaji mwingine au wapuliza ala. Sasa hauko chini ya masharti hayo, basi ushushe au uupandishe mpaka sauti yako itulie, ukitumia kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa kinachopandisha nyuzi zote, inapofaa. Ila usiupime sauti ikiwa mpya: upime baada ya kuimba dakika 40 mfululizo, maana ndivyo utakavyokuwa kwenye wimbo wa mwisho.

Kisha hesabu muda. Wimbo uliochukua dakika sita na bendi, pamoja na solo za gitaa na kinanda, unaweza kubaki dakika tatu na nusu ukiupiga mwenyewe. Nyimbo kumi zilizowatosha kwa saa nzima sasa zitakwisha kabla ya dakika 40, na hilo ni vizuri kuligundua nyumbani.

Mwendo nao hauna mlinzi tena. Hofu huharakisha mikono bila mtu kujua. Jirekodi, kisha ulinganishe mapigo ya mwanzo na ya mwisho kwa metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo. Tayarisha pia mahali pa kujishikilia maneno yakikupotea: kordi mbili unazoweza kuzizungusha kwa utulivu mpaka ubeti urudi kichwani. Lifanyie mazoezi jambo hili makusudi, kwa kujikatiza katikati ya wimbo na kuendelea bila kusimama.

Vifaa ni vichache. Pikapu ya piezo, kile kinasa mtetemo kinachokaa chini ya daraja la nyuzi, huhitaji priampu (kikuza sauti cha awali) au kisanduku cha DI (kinachoandaa sauti ya gitaa iingie kwenye mitambo) kabla ya kufika kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, la sivyo sauti hutoka nyembamba na kavu. Kama gitaa lina priampu ndani, weka betri mpya siku hiyo. Beba waya wa akiba, nyuzi za akiba na tyuna. Gitaa kavu huvuma haraka likiwa karibu na spika, hivyo kifuniko cha mpira cha tundu la sauti kina faida kubwa. Badilisha nyuzi siku moja au mbili kabla, maana zikiwa mpya kabisa hazishiki tyuni. Na kama umetoka kwenye gitaa la umeme, vipe vidole muda: nyuzi za gitaa kavu kwa kawaida ni nene zaidi.

Panga nyimbo kwa kufuata tyuni na nafasi ya kapo, ili usije ukazungusha vigingi kila baada ya wimbo huku watu wakikutazama. Pale unapolazimika kutyuni, uwe na sentensi mbili za kweli kuhusu wimbo unaofuata.

Lililobaki ni la kufanya mapema, tena ana kwa ana. Nyimbo mlizotunga pamoja si zako peke yako. Waambie wenzako unataka kuzipiga zipi, mkubaliane kuhusu jina la mtunzi na mapato, na uwaambie kabla hawajasikia kwa mtu mwingine kwamba umeanza kupiga peke yako.