SOMO: Jinsi ya kumpasua panzi uone kama ana minyoo

Jamani wa Masaka mpaka Arua, mvua zishaanza na panzi wamejaa majanini, huu ndo wakati wenyewe. Mnyoo ninaomsema ni wa jamii ya mermithidi, mweupe kama uzi wa cherehani, anajikunja ndani ya panzi na ukimnyoosha anampita mwenyeji wake kwa urefu mara kadhaa.

Hatua ya 1: Kamata kwa wavu asubuhi umande haujakauka, panzi hawaruki mbali. Chukua wote, ukichagua wanyonge tu hesabu inadanganya.

Hatua ya 2: Kila mmoja kwenye kichupa chake, kisha friza. Usiwakalishe hai siku nyingi, mnyoo akikomaa anatoboa anatoka na panzi anakufa.

Hatua ya 3, hapa tulieni. Bakuli la maji, chini yake karatasi nyeusi, kata ubavuni na kimkasi kuanzia nyuma kuja kifuani, kata juu juu tu maana ukizamisha unamkatakata mnyoo halafu mmoja unamhesabu watatu. Panua taratibu, mnyoo yuko nje ya utumbo, kwenye uwazi wa tumbo. Akiwa panzi jike angalia na mayai, mwenye mnyoo mara nyingi mayai yake yamedumaa, na mi hapo ndo nawapendea hawa minyoo, wanampunguzia mkulima panzi bila dawa ya kupuliza.

Hatua ya 4: Mtie mnyoo kwenye spiriti ya asilimia 70. Andika tarehe, mahali na idadi ya panzi wote uliopasua, hata wasio na kitu.

MASWALI

– Mwalimu, anaingiaje humo?
Inategemea aina. Mermis nigrescens, anayejulikana sana Ulaya na Amerika Kaskazini, jike anatoka udongoni mvua ikinyesha, anapanda majani anataga hukohuko, panzi anakula majani na mayai, yanaanguliwa na kinyoo kinatoboa utumbo. Kuna wengine wanataga udongoni na watoto wanamtafuta panzi wenyewe.

– Nimeona wa kahawia, mgumu, kwenye dimbwi, ndo huyohuyo?
Hapana kaka, huyo ni mnyoo-nywele, jamii nyingine kabisa. Anapatikana sana kwa nyenje, na akikomaa anamsukuma mwenyeji wake ajitose majini ili yeye atoke.

– Sasa senene wa Novemba tuache kula??
Kuleni dada, mermithidi haambukizi binadamu. Toa mabawa na miguu, osha, kaanga mpaka wakauke vizuri. Ukikuta mwenye uzi mweupe usimtupe, mtie kwenye spiriti kama hatua ya 4.