Kioo cha taa ya nyuma ya gari ya zamani: namna ya kukipata ukiwa Unguja au Pemba

Gari ya zamani ikishapigwa rangi na kushonewa viti, kinachoizuia kutoka gerejini mara nyingi ni kitu cha kukaa kiganjani: kioo cha taa ya nyuma. Injini ya Morris Minor utaichongesha, bampa utalinyoosha, lakini kile kiplastiki chekundu hakuna fundi Mwanakwerekwe atakayekipokea asubuhi akakurudishia kizima jioni. Nakiita kioo kwa sababu ndivyo tunavyokiita gerejini. Ukiagiza nje kiite lenzi. Na mara nyingi si kioo hata kidogo, ni plastiki, hasa ile aina ya akriliki.

Gari nyingi zinazonipitia mimi hapa Unguja ni za Kiingereza za miaka ya 50 na 60, na mara moja moja Volkswagen au Peugeot. Mfano wangu mkubwa utakuwa Morris Minor, maana ndiyo iliyonifunza kwa gharama.

Kabla ya yote, usifagie

Kioo kikivunjika, okota kila kipande, hata cha ukubwa wa ukucha, ukitie kwenye mfuko na uandike ni cha kulia au cha kushoto. Kipande ndiyo karatasi yako ya kuagizia. Kijana wangu mmoja mwenye bidii ya usafi alifagia vipande vya Minor ya ami yangu akavitupa jaani pamoja na makopo ya rangi. Miezi minne nilinunua kwa kukisia. Kioo cha kwanza kilikuwa cha Traveller, ile yenye mbao nyuma, ambayo taa zake si za saluni, yaani ile gari ya kawaida yenye buti. Cha pili kilikuwa cha saluni kweli, lakini ya miaka mingine. Ami kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akipita kunisalimia tu, na salamu ile ilikuwa nzito kuliko deni.

Hatua ya 1: Kisome kioo

Karibu kila kioo kina maandishi yaliyofinyangwa humo humo kwenye plastiki. Kwa hewa yetu ya chumvi na vumbi, hutayaona mpaka uoshe. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki mkuukuu. Usiguse petroli wala tina: akriliki ikipata vitu hivyo hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na nyufa hizo hazitoki tena.

Kikikauka, sugua chaki nyeupe juu ya maandishi kisha futa kwa kidole. Unga wa chaki hubaki kwenye mabonde na herufi zinasimama. Kama herufi zimeinuka badala ya kuzama, weka karatasi nyembamba juu yake ulaze kalamu ya risasi upapase taratibu, kama tulivyokuwa tukifanya skuli kwa sarafu. Yakikataa yote hayo, ingia chumba cha giza na tochi ya simu, mwanga uupitishe ubavuni na si usoni.

Unatafuta mambo matatu. Kwanza jina la aliyetengeneza taa, ambaye si aliyetengeneza gari. Kwenye gari za Kiingereza utaona Lucas, kampuni ya Birmingham. Kwenye Volkswagen, Hella. Kwenye za Kifaransa, Cibié au Seima. Kwenye za Kijapani, Koito, Stanley au Ichikoh. Pili, namba. Za Lucas huanza na L na tarakimu tatu, mfano L488, na pengine pana namba nyengine ndefu pembeni. Namba hii ndiyo utakayotafutia, maana taa moja ya Lucas iliweza kuvalishwa gari za kampuni kadhaa. Anayetafuta "kioo cha Morris" anapita mlangoni mwa kioo hicho hicho kikiuzwa kwa jina la gari nyengine.

Tatu, alama ya E ndani ya duara na namba yake. E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E11 Uingereza. Inaonesha nchi iliyokiidhinisha, si lazima kilipofinyangwa. Taa za miaka ya 50 usitarajie kuikuta, lakini kwenye za miaka ya 70 inasaidia sana. Kioo cha soko la Marekani huandikwa SAE au DOT, na hapo fungua macho; nitalirudia hili.

Hatua ya 2: Ujue mwaka halisi wa gari

Usitegemee kadi peke yake. Mara nyingi mwaka ulioandikwa ni wa kusajiliwa, na gari inaweza kuwa ilifika na umri wake. Tazama bati la kiwandani lenye namba ya gari, lililopigwa kwenye bodi, kisha ulinganishe na taa zenyewe.

Minor ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, na katika miaka hiyo taa zake za nyuma zilibadilika zaidi ya mara moja. Za mwanzo hazina indiketa za kuwaka na kuzima. Zina vile vijimkono vinavyochomoka kwenye nguzo ya mlango. Mwaka 1961 vijimkono viliondolewa, na nyuma indiketa ikawa inawaka ndani ya taa nyekundu ile ile ya breki. Mwishoni mwa 1963 zikaja taa kubwa zaidi zenye sehemu ya rangi ya chungwa kwa ajili ya indiketa. Kwa hiyo mtu akikuuzia "kioo cha Minor" bila kuuliza mwaka wala kama ni saluni, Traveller au pikapu, mshukuru uende zako.

Jambo jengine: gari zetu zimeshapita mikono mingi. Nimewahi kukuta Minor moja ina taa ya kushoto ya kwake na ya kulia ya trekta. Usichukue taa iliyopo kuwa ndiyo iliyotoka kiwandani mpaka uone pande zote mbili zinafanana na matundu ya bati hayakutobolewa upya.

Hatua ya 3: Pima, upige picha

Pima kwa milimita, kwa venia kama unayo, kwa rula kama huna: urefu, upana, kina, na umbali wa kutoka katikati ya tundu moja la skrubu mpaka katikati ya jengine. Hicho kipimo cha mwisho ndicho kinachoamua. Kioo kikizidi milimita mbili kwa upana utakisugua msasa kikae, lakini matundu yakipishana milimita mbili hakikai.

Kama kioo chenyewe hakipo, pima kitako cha taa na raba yake. Piga picha tatu na rula ikionekana: mbele, ndani, na ubavuni. Ya ndani usiiruke, maana mistari na vidoto vya upande wa ndani hutofautiana hata kwa vioo vinavyofanana usoni.

Hatua ya 4: Anza kutafuta karibu

Watu hukimbilia intaneti kabla ya kutembea. Mimi hutembea kwanza. Nenda gereji kongwe na maduka ya spea ya mjini, ukiwa na kipande mkononi na si maneno matupu. Halafu nenda shamba. Unguja na Pemba, gari hazitupwi. Huegeshwa chini ya mwembe "mpaka nipate nafasi", na nafasi hupita miaka thelathini.

Kuna adabu yake. Usiingie ukachungulia gari ya mtu kabla hujapiga hodi, na usiitaje gari kwanza. Kwa mzee mmoja upande wa Wete nilikaa mpaka kahawa ya pili.

"Gari ile haiuzwi," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Sikuja kununua gari, mzee wangu. Naomba kuangalia taa zake za nyuma tu."

"Taa? Vile vyekundu vyake viko uani. Bibi yenu kavifanya vya kuwekea sabuni."

Na kweli, viko ukingoni mwa birika, viwili, vizima, vimekaa kivulini miaka yote, rangi yao mbichi kuliko vyovyote nilivyowahi kununua. Nilimpelekea bibi visahani viwili vipya vya sabuni na bei tuliyokubaliana. Ulizia vyombo vya ndani, sitanii.

Ukikosa visiwani, Dar es Salaam jaribu Gerezani, Kariakoo. Tuma picha zenye rula kwa WhatsApp kwa mtu unayemuamini, yeye akapige picha ya kioo alichokiona na rula pia, halafu ndiyo utume pesa. Kwa boti kinaweza kufika Unguja siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kuagiza nje

Kwa gari za Kiingereza, Uingereza bado kuna maduka yanayouza vioo vipya vilivyofinyangwa kwa mfano wa vya zamani. Tafuta kwa namba ya Lucas kwanza, jina la gari baadaye. Muulize muuzaji maswali haya: ni cha zamani kilichobaki dukani au ni kipya cha kuiga? Raba inakuja nacho? Matundu yako umbali gani? Asiyejibu la tatu, muache.

Nunua viwili hata kama kimoja chako kizima. Jua limeshakifubaza cha zamani; chekundu kinaelekea uwaridi, cha chungwa kinaelekea ndimu, na ukiweka kipya kando yake gari inaonekana ina jicho bovu.

Sasa ile habari ya Marekani. Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, ina vioo vya soko la Marekani vilivyo vyekundu vitupu pale ambapo vya Ulaya vina sehemu ya chungwa. Vinaingia kwenye taa bila shida yoyote, na hapo ndipo mtego. Tazama picha, utafute SAE, umuulize muuzaji rangi ya kila sehemu.

Gharama ya posta na ushuru uijumlishe kabla hujabonyeza. Kioo ni chepesi, lakini sema kifungwe ndani ya boksi gumu. Bahasha yenye mapovu haitoshi.

Hatua ya 6: Ukikosa kabisa, ukitengeneze cha zamani

Vipande vikiwa vyote vipo, nenda kwa mafundi wa mabango. Wao hushughulika na akriliki kila siku na wana dawa nyepesi kama maji, wanaiita klorofomu, inayoyeyusha kingo mbili zikashikana zikawa kitu kimoja. Tia kwa sindano kwenye ufa, mahali pa wazi penye upepo, maana mvuke wake si wa kuvuta. Pana tundu? Waombe kipande chekundu cha milimita tatu kilichobaki, ukate ukalingane. Gundi ya papo hapo ya dukani usitumie, huacha ukungu mweupe pembeni usiotoka.

Kioo kilichochujuka uso tu, msasa wa maji namba 1200, kisha 2000, kisha dawa ya meno na kitambaa cha pamba.

Kumimina kipya kwa resini ya wanaotengeneza boti za faiba nimejaribu. Umbo linatoka, rangi haidumu kwenye jua letu. Ni la kukutoa maonesho ya siku moja.

Hatua ya 7: Kukifunga

Tazama wapi pana kijitundu cha kutolea maji, kikae chini. Ukikipindua, mvua ya masika moja tu na utakuwa na tangi la samaki.

Safisha kitako mpaka chuma king'are, maana taa hufifia kwa kutu ya kitako kuliko kwa kitu chengine. Ukikanyaga breki na indiketa ikafifia, ni hapo. Balbu ya breki iwe ya wati 21. Wanaotia kubwa zaidi ndio wanaoyeyusha vioo. Kama unataka balbu za LED, nyuma ya kioo chekundu tia nyekundu, nyeupe hutoa uwaridi. Na kumbuka Minor ilitoka kiwandani na upande chanya wa betri umeungwa kwenye bodi, kinyume cha gari za sasa, kwa hiyo LED ya kawaida haitawaka kabisa mpaka upate inayokubali pande zote.

Skrubu za Lucas mara nyingi zina meno ya Kiingereza yanayoitwa BA. Skrubu ya milimita haitakaa sawasawa, ukilazimisha unaharibu meno. Tumia za shaba, zipake grisi kidogo kwa ajili ya chumvi. Kaza moja robo mzunguko, uhamie nyengine, urudi, kwa bisibisi ya mkono na kamwe si ya umeme. Mimi hukaza mpaka raba ianze kuvimba kidogo pembeni, nikaacha hapo hapo.