Kabla hela ya korosho haijaingia kwenye Subaru ya turbo

Kila msimu, wiki mbili tatu baada ya malipo ya minada ya kwanza kuingia benki, simu yangu huanza kupokea picha za magari. Safari hii alikuwa mpwa wangu wa Tandahimba. Subaru Impreza WRX ya bluu, rimu za dhahabu, namba D, iko Dar. "Mjomba, jamaa anataka milioni kumi, ila atashuka." Nikamjibu kwa swali moja: umeiona ikiwashwa asubuhi, injini ikiwa baridi? Hakuwa ameiona. Alikuwa ameisikia ikinguruma kwenye video ya sekunde kumi na tano, na moyo wake ulishahama.

Simlaumu. Mimi mwenyewe ninayo ya mwaka 2003 hapa Mtwara na bado naipenda. Ila kuna mambo ya kuyaweka sawa kabla ya kupanda basi kwenda kuifuata, na la kwanza ni mfuko.

Bei ya gari hili ni kiingilio tu. Yangu niliinunua milioni 9, na ndani ya miezi saba ya mwanzo lilikula milioni 3 nyingine: tairi nne 880,000, klachi na kazi yake 750,000, taimingi belti na vyote vinavyokwenda nayo 620,000, rejeta na mipira yake 340,000, beringi mbili za nyuma 260,000, na oili na filta 150,000. Bei za spea hazikai mahali pamoja, kwa hiyo usizibebe hesabu hizi kama zilivyo, beba uwiano. Ukiwa na milioni 9, tafuta gari la milioni 6 na nusu, zilizobaki zifungie mahali ambapo hata shemeji hajui.

Kuagiza Japani? Impreza za umbo hili zilitengenezwa kati ya 2000 na 2007, zote zimeshapita miaka kumi. Hapo TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na bado hujagusa forodha ya asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Ndiyo maana wengi wetu tunanunua ambazo zimeshazunguka nchini, na ukinunua hivyo unarithi miguu ya kila aliyewahi kulikanyaga. Namba isikuzubaishe pia. Namba D inakuambia lilisajiliwa lini hapa kwetu. Mwaka lililotengenezwa utausoma kwenye kadi.

Halafu kuna umbali, ambao watu wa Dar wakitoa ushauri hawaukumbuki. Spea ya Toyota hapa Mtwara unaipata huku unakunywa chai. Ya injini ya gari hili, EJ20 yenye turbo (feni inayoisukumia injini hewa ya ziada), inaagizwa Gerezani au Ilala, inapakiwa kwenye basi, inakuja kilomita 560, unaipokea stendi, na ukifungua boksi unakuta ni ya Subaru Forester isiyo na turbo. Basi lingine. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ikakatika maeneo ya Somanga, langu lilikuwa juu ya mawe gereji likisubiri kitu cha ukubwa wa kiganja. Ukikagua gari, kila ugonjwa uupime kwa kipimo hicho: si bei ya spea peke yake, ni bei, nauli na siku ambazo gari limelala.

Sasa asubuhi ya ukaguzi. Mwambie muuzaji utafika saa mbili, kisha fika saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Tulipokwenda kuliona lile la bluu, fundi wangu aliweka mkono pale, akaupeleka pembeni kwenye kioo, akaurudisha kwenye boneti, akanitazama. "Limeshawashwa hili." Dalali akaapa kwamba ni jua. Jua lenyewe lilikuwa bado halijavuka ukuta wa jirani.

Kulipasha gari moto mapema ni njia ya kuficha mambo mawili: moshi wa kuwashia na sauti ya kugonga. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kulia, mbili kushoto, zikipigana ngumi kama mabondia. Ikiwa baridi, mlio mdogo wa tak-tak unaofifia baada ya dakika chache si wa kukukimbiza. Pistoni zake zina tabia hiyo. Wa kukukimbiza ni mlio mzito wa kugonga, wa chini, unaozidi kadiri unavyokanyaga mafuta, na ambao hauondoki injini ikishapata joto. Hizo ni beringi za koneti rodi. Injini inanoki, na ikinoki hakuna cha kufungafunga hapo. Unazungumzia injini nyingine. Injini ya mtumba nayo ni bahati nasibu, maana hujui ilivuliwa kwenye gari lililokufa kwa ajali au kwa ugonjwa huo huo.

Kinacholeta hayo mara nyingi ni oili kupungua bila mwenye gari kujua. Injini yenyewe inabeba lita 4 na kidogo tu, turbo inakunywa humo humo, na ikizeeka huanza kuila oili taratibu. Chomoa dipstiki gari likiwa mahali tambarare na limepumzika. Futa, rudisha, chomoa tena. Ikiwa oili haifiki hata alama ya chini, hilo ni jibu kamili kuhusu mwenye gari. Huhitaji kumuuliza analitunzaje. Inuse: ikinuka petroli, kuna petroli inavuja kuingia kwenye sampo, beseni la oili chini ya injini. Fungua kifuniko cha kujazia oili, uangalie kama kuna uji wa rangi ya chai ya maziwa, ishara ya maji ndani ya oili. Moshi wa buluu unaotoka unapokanyaga, au unapoachia kisha ukakanyaga tena, unaniambia turbo au ringi za pistoni zimechoka. Hapo fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda zote nne. Namba moja ikiachana sana na wenzake, mimi naaga.

Joto ndilo la pili, na kwa huku kwetu ningelipa uzito sawa. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, ndiyo iliyoipa Subaru jina baya, ingawa kwa haki, lawama kubwa ni ya injini za 2.5 zisizo na turbo. EJ20 ya turbo ni ngumu zaidi. Lakini gari la miaka ishirini likishachemshwa mara mbili tatu, ugumu huo hausaidii. Gasketi yenyewe si ghali. Kinachokula hela ni hedi mbili badala ya moja, injini kushushwa ili kazi ifanyike kwa nafasi, hedi kupelekwa kuchongwa, na siku ambazo fundi anasubiri vitu. Dalili: mapovu kwenye tangi la kulanti (maji ya kupoza injini) injini ikiunguruma, mpira wa juu wa rejeta mgumu kama jiwe hata asubuhi kabla hujawasha, na mshale wa joto unaotulia barabara ya tambarare kisha unapanda mlimani. Gari la kuishi huku usilijaribu Sinza peke yake. Litakuja kupanda Newala kutokea upande wa Masasi, saa nane mchana, watu watano na kiroba cha korosho.

Kuna la kuchekesha hapo. Magari mengine yanayosemwa yameunguza gasketi hayajaunguza chochote, yana hewa. Subaru ya turbo hujaziwa kulanti kwenye tangi dogo la juu, karibu na intakula, kisha hewa inatolewa taratibu. Fundi aliyezoea Corolla anafungua rejeta, anajaza maji ya bomba, anafunga, anaondoka. Hewa inabaki ndani, gari linachemsha, na mwenye gari anaanza kutafuta mnunuzi. Nimewahi kuona gari likiuzwa nusu bei kwa sababu hiyo. Usilitegemee, lakini ukimpata fundi anayelijua, umetangulia.

Taimingi belti, mkanda unaofanya valvu ziende sawa na pistoni: kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji atakuambia "ilishabadilishwa". Omba risiti, na kama hana, hesabu kwamba haijabadilishwa. Ikikatika ukiwa unatembea, valvu zinapinda, na bei ya belti inageuka bei ya injini. Ukifungua hapo, badilisha pamoja na tensheni, puli zake na wota pampu, kwa sababu pampu inazungushwa na belti hiyo hiyo. Kubakiza puli moja kuukuu ili kuokoa elfu sabini ni uchumi ambao sijawahi kuuelewa.

Mngurumo ule tunaoupenda sote unatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana. Si dalili ya nguvu, na mbaya zaidi, una kelele ya kutosha kuficha injini inayogonga. Likiwa limewekwa ekzosi kubwa, filta ya hewa ya wazi na valvu ya kutoa ile "fsss" vijana wanayoipenda, mimi napunguza bei kichwani kabla sijasema neno. Filta ya wazi na vumbi la barabara zetu za kifusi havikai nyumba moja; vumbi linachafua sensa ya hewa, likipita linakwangua turbo. Uliza boksi la filta la asili liko wapi. Jibu likiwa "lipo nyumbani", lisubiri lije.

Ukilijaribu barabarani, redio zima. Mvumo wa nyuma unaopanda na mwendo ni beringi za matairi ya nyuma, ugonjwa wa kawaida wa umbo hili. Kisha tafuta uwanja, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. Likisita na kuruka kama linavutwa na kamba, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, imechoka. Na difu hiyo huuliwa na kitu kidogo: tairi. Gari hili linavuta miguu yote minne, linataka tairi nne za saizi moja zilizolika sawa. Mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma, kama tunavyofanya kwenye magari mengine, zinaifanya difu ifanye kazi hata kwenye lami iliyonyooka. Ndiyo maana mstari wa tairi kwenye hesabu yangu ni mrefu kuliko yote. Klachi na giaboksi ya gia tano utazijua mwenyewe. Gia ya pili ikilia kila ukiiingiza, mwenye gari alikuwa mtu wa mashindano ya taa za barabarani.

Piga jicho chini ya matao ya nyuma, kutu hupenda hapo, na upepo wa bahari wa Shangani utaimalizia kazi. Makaratasi ni mafupi: namba ya chesisi ilingane na kadi, ikianza na GDA kwa WRX na GDB kwa STI, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari, mwenye jina kwenye kadi ndiye asaini mkataba. Si binamu yake.

Na kama mmekubaliana, usiondoke Dar siku hiyo hiyo jioni. Mwaga oili, weka mpya, nunua lita 2 za ziada na kulanti ya akiba. Kwa kilomita 8 kwa lita safari itataka lita 70 hivi, na tangi ni la lita 60, kwa hiyo kusimama utasimama tu. Hilo la bluu tuliliacha. Baada ya wiki tatu mpwa wangu alipata la fedha, halina rimu za dhahabu, boksi la filta lipo. Nangurukuru tulizima injini baada ya kuiacha iungurume dakika moja turbo ipoe, tukala muhogo na samaki, ndipo akafungua boneti mwenyewe bila kuambiwa. Akafuta dipstiki kwa kitambaa, akairudisha, akaichomoa, akaisogeza karibu na macho.

"Mjomba, imeshuka kidogo."

Tukaongeza robo lita, tukaendelea.